Bibi wa Boma la Iringa: Maisha ya Magdalene von Prince na wanawake wasioandikwa

 

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa Ijumaa, wanapotajwa wanawake na vita, watoto wetu wa madrasa humtaja haraka Bibi Rufaida al-Aslamiyya, ambaye hema lake lilikuwa mahali pa kutibiwa majeruhi mjini Madina, na ambamo Sa'd bin Muadh aliwekwa baada ya kujeruhiwa katika vita vya Khandaq. Humtaja pia Ummu Atiyya, aliyetoka na majeshi ya Waislamu mara saba, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Habari zao tunazijua kwa sababu walikuwapo watu waliozisikia, wakazihifadhi na kuzipokezana kwa minyororo ya wapokezi, hadi zikafika kwenye vitabu tunavyovisoma.

Je, wanawake wa vita vilivyopiganwa katika ardhi yetu wenyewe, hapa Nyanda za Juu Kusini, habari zao alizihifadhi nani? Swali hili ndilo lililotupeleka kwenye maisha ya mwanamke ambaye hakuwa Mwislamu wala hakuwa mtu wa nchi hii, lakini jina lake hujitokeza karibu kila mahali vita vya Uhehe vinapoandikwa. Naye ni Magdalene von Prince, mke wa mkuu wa boma la Iringa, aliyeishi ndani ya vita hivyo na kuviandika katika shajara.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1870 katika ukoo wa kikabaila wa Prussia uitwao von Massow. Katika koo za namna hiyo wanaume walizoea kazi ya jeshi, na wanawake walizoea kusubiri habari za waume na ndugu zao waliokwenda vitani. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka kama 26, aliolewa na afisa wa jeshi aitwaye Tom Prince. Bwana huyo alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Mauritius, na wakati wa ndoa yao alikwisha kutumikia miaka kadhaa katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki. Wenyeji walimpa jina la Sakarani, na mwenye kujua Kiswahili haelezwi maana yake. Ni mtu aliyelewa. Hakuitwa hivyo kwa ajili ya pombe, bali kwa ukali wake wa vitani, kana kwamba vita vilimpanda kichwani.

Ili tuelewe Bibi Magdalene alikuja kuishi katika hali gani, hatuna budi kurudi nyuma miaka michache. Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski lilivamiwa na Wahehe pale Lugalo, karibu na Iringa. Zelewski mwenyewe aliuawa, na sehemu kubwa ya askari wake waliangamia pamoja naye. Mtwa Mkwawa akapata sifa iliyoenea mbali, na Wajerumani wakaweka kisasi moyoni. Tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele aliishambulia ngome ya Mkwawa pale Kalenga na kuiteka, na Tom Prince alikuwa miongoni mwa maafisa wa vita hivyo. Mkwawa hakushikwa. Aliingia porini, na vita vya kuviziana vikaendelea kwa karibu miaka minne.

Katika kipindi hicho hicho ndipo bibi arusi kutoka Prussia alipofika. Prince alipewa kazi ya kujenga kituo cha kijeshi Uhehe mwaka 1896, na mkewe akafuatana naye. Wakati huo hapakuwa na reli ya kwenda bara kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo safari ilikuwa ya majuma mengi pamoja na msafara wa wapagazi na askari. Boma jipya lilijengwa juu ya kilima unapokaa mji wa Iringa hivi leo. Jina lenyewe la Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, lenye maana ya ngome, nalo awali lilikuwa jina la Kalenga. Hivyo mshindi alichukua nchi, akachukua na jina la ngome aliyoibomoa.

Bibi Magdalene alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kijerumani kuishi mbali namna hiyo na pwani. Wanawake wenzake waliokuja koloni hili kabla yake walikuja zaidi kwa kazi ya uuguzi. Mwaka 1887 mwandishi Frieda von Bülow alifika Unguja na Dar es Salaam kwa niaba ya chama cha wanawake wa Kijerumani, kusudi aanzishe vituo vya kuuguza wagonjwa, naye pia aliandika kitabu cha safari na shajara zake. Lakini wauguzi wale walibaki pwani. Huko bara, katika vituo vya vita, majeruhi walimtegemea daktari wa jeshi pale alipokuwapo. Mbali na yeye walitegemea mikono ya wanawake waliofuatana na jeshi, yaani wake wa askari. Hawa walibeba vyombo, walisaga nafaka, walipika, walifua na kuwatunza wagonjwa wao.

Hapa, ndugu zangu, tusimame kidogo. Askari wa Wajerumani hawakuwa Wajerumani. Kiini cha jeshi lile kilikuwa Wasudani walioandikishwa Misri mwaka 1889, wakaongezwa watu wa pwani, Wanyamwezi na wengineo. Wengi wa askari hao walikuwa Waislamu, au walisilimu wakiwa jeshini, na wake zao na watoto wao waliishi nao katika vijiji vilivyozunguka maboma. Uislamu wa mji wa Iringa una mizizi yake, kwa sehemu moja, katika vijiji hivyo vya askari, na kwa sehemu nyingine katika wafanyabiashara waliotoka pwani. Kwa hiyo habari za boma lile si habari za wageni peke yao. Ni habari za baadhi ya mababu na mabibi zetu.

Ndani ya boma hilo Bibi Magdalene aliandika shajara yake. Aliandika safari, ujenzi wa kituo, watu waliokuja kumwona mumewe, na hofu ya mke anayeachwa huku mume akitoka na jeshi kumsaka Mkwawa. Mwaka 1903 maandiko hayo yalichapwa Berlin kuwa kitabu kinachoeleza maisha ya mwanamke wa Kijerumani katika bara la Afrika Mashariki, na toleo la 1908 likakusanya habari za miaka 11. Kitabu kilisomwa sana huko kwao, na wanahistoria wanakitumia hadi leo, kwa sababu ni ushuhuda wa mtu aliyekuwapo. Hata hivyo, lazima tukumbuke kwamba mwandishi wake aliutazama ulimwengu kutoka dirisha la boma. Aliamini kuwa utawala wa mumewe ulikuwa wa haki, na aliyempinga alikuwa mwasi.

Tukio moja latosha kuonyesha uzito wa maisha ya aina hiyo. Desemba 1896, Wajerumani walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe chini yao, wakitumaini kuwa watu watamwacha Mkwawa na kumfuata yeye. Bibi Magdalene alimfahamu mtu huyu na aliandika habari zake. Miezi miwili hivi baadaye, Februari 1897, Mpangile alinyongwa kwa amri ya wale wale waliomtawaza, akishutumiwa kuwa alikuwa akimsaidia ndugu yake kwa siri. Fikiria hali ya mwanamke anayemwona mtu akivishwa utawala, kisha anasikia kwamba mumewe amemhukumu kifo. Na upande wa pili, fikiria hali ya mama, wake na dada za Mpangile. Habari ya mwanamke wa kwanza tunaweza kuisoma. Habari za hao wengine hakuna aliyewauliza.

Vita vya kumsaka Mkwawa viliwaangukia wanawake kuliko wanavyofahamu wengi. Mtu hawezi kuishi porini miaka minne bila chakula, na chakula hicho kilitoka katika mashamba na majiko ya watu wake. Wajerumani walilitambua jambo hilo. Walichoma vijiji na akiba za nafaka, walichukua ng'ombe, na waliwakamata wanawake na watoto. Tangu kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894, wanawake wengi walitiwa mikononi mwa jeshi kama mateka, na baadhi yao waliishia katika nyumba za askari bila kuulizwa ridhaa yao. Simulizi za Kalenga humtaja Sengimba, mama yake Mkwawa, na inasimuliwa kwamba baada ya ngome kuanguka alijitosa katika maji ya mto Ruaha. Zaidi ya jina lake na mwisho wake, ni machache yanayosimuliwa juu ya mama huyo, ilhali alimzaa mtu ambaye dunia nzima imemsikia.

Jambo hili lina uchungu wake kwetu sisi Waislamu, na halifai kufunikwa. Askari aliyemchukua mateka wa Kihehe nyumbani kwake mara nyingine alikuwa mtu anayeswali. Sheria yetu imeweka haki kwa mateka, imewakataza wapiganaji kuwadhuru wanawake na watoto, na imeifanya ridhaa ya mwanamke kuwa jambo zito katika ndoa. Askari wale walipigana kwa mshahara wa serikali ya kigeni na kwa kanuni zake. Walipoyatenda hayo hawakuwa na hoja yoyote katika dini. Wapo leo katika miji yetu watu ambao babu yao alikuwa askari na bibi yao alikuwa mateka. Watu hao ni watoto wetu na ndugu zetu, na hakuna aibu inayowahusu. Lakini bibi yao ana haki ya kutajwa kwa jina, na kutajwa kwamba hakufika pale kwa hiari yake.

Tarehe 19 Julai 1898 vita vilifika mwisho. Mkwawa, akiwa amedhoofika na amebaki karibu peke yake, alijipiga risasi pale Mlambalasi kabla kikosi kilichomfuatia hakijamkamata. Serikali ilikuwa imetangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake, na kweli kichwa kilikatwa kikapelekwa bomani Iringa, alikokuwa akiishi Bibi Magdalene na mumewe. Kitabu chake ni miongoni mwa maandiko yanayozieleza siku hizo, na kwa watu wa boma zilikuwa siku za ushindi. Kwa mizani ya dini yetu, kukata viungo vya maiti ya adui ni jambo alilolikataza Mtume (s.a.w.), hata kama adui huyo aliua wengi. Maiti ina heshima yake, na aliyekufa amekwisha kwenda kwa Mola wake.

Fuvu hilo lilipelekwa Ujerumani, na lina habari ambayo Waislamu wachache wanaifahamu. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani irudishe vitu viwili. Cha kwanza ni msahafu wa Khalifa Uthman (r.a.), uliodaiwa kuchukuliwa na Waturuki kutoka Madina na kupewa mfalme wa Ujerumani. Cha pili ni fuvu la Mkwawa. Msahafu wa Madina na fuvu la Uhehe viliandikwa katika kifungu kimoja cha mkataba mmoja. Fuvu lilirudi mwaka 1954, wakati wa Gavana Edward Twining, likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Hadi leo limehifadhiwa Kalenga.

Tumrudie Bibi Magdalene. Mwaka 1900 yeye na mumewe walikuwa wameiacha Iringa na kuhamia milima ya Usambara, wakaanzisha shamba walilolipa jina la Sakarani, karibu na Soni. Mwaka 1907 mumewe alipewa cheo cha ukabaila, na hapo ndipo jina la familia lilipokuwa von Prince. Yaelekea walidhani kwamba vita vimekwisha katika maisha yao. Lakini mwezi Agosti 1914 Vita Kuu vilianza Ulaya, na Novemba mwaka huo Waingereza walishusha jeshi kutoka India katika pwani ya Tanga. Tarehe 4 Novemba 1914 Tom von Prince aliuawa katika mapigano ya mji huo. Mwanamke aliyeandika vita vya mumewe dhidi ya watu wengine akawa mjane wa vita. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Usambara, na baada ya vita koloni zima likawatoka Wajerumani mikononi.

Huku kwetu Kusini vita hivyo havikuwaacha wanawake salama. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey liliingia kutoka Nyasaland likaiteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu, na tarehe 29 Agosti mwaka huo likaingia Iringa. Pande zote mbili zilichukua nafaka na mifugo, na pande zote mbili ziliwachukua wanaume kwa nguvu wawe wapagazi. Katika Afrika Mashariki nzima makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Nyuma ya kila mpagazi alibaki mke au mama aliyelima peke yake, na wengi wao hawakuletewa hata habari ya mahali mume au mtoto alipozikwa. Wanawake wa Unyakyusa, Usafwa, Ubena na Uhehe hawakuwa na mchapishaji Berlin. Walichokuwa nacho ni nyimbo za msiba na kumbukumbu ya moyoni, na mwenye kumbukumbu anapokufa huondoka nayo.

Sasa tumhukumu vipi Magdalene von Prince? Uadilifu ni wajibu hata kwa mtu aliye upande usiokuwa wetu, na uadilifu una pande mbili. Upande mmoja, tukiri kwamba alifanya kazi yenye manufaa. Aliandika aliyoyaona siku kwa siku, na bila yeye tungepungukiwa na mengi katika historia ya Iringa. Upande wa pili, tusimfanye shahidi wa kila jambo. Shahidi anashuhudia aliyoyaona, na yeye hakuyaona yaliyotokea katika kibanda cha mateka, wala shambani mwa mjane wa Kihehe. Wanazuoni wetu wa hadithi walimpokea msimulizi kwa kuchunguza alikuwa wapi, alisikia kwa nani na alielemea upande gani. Tukikisoma kitabu cha bibi huyu kwa kanuni hiyo, tutanufaika nacho bila kudanganyika.

Lawama kubwa zaidi, ndugu zangu, iko kwetu sisi tulio hai. Bibi wa boma aliandika kwa sababu alikuwa na kalamu, karatasi na mtu wa kumsomea. Wanawake wa 1898 na wa 1916 wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na hatuwezi kuwauliza tena. Lakini wako wanawake wa vita ambao bado tunao. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vijana wa Mbeya na Iringa walikwenda na wenzao wa mikoa yote, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Waliobaki nyumbani wakisubiri, waliopokea habari za msiba, waliouguza waliorudi na majeraha, wengi wao leo ni mabibi wazee. Wamekaa uani, wanapepeta mchele na kulea vitukuu, na hakuna anayewauliza.

Basi kila familia ifanye jambo jepesi. Ijumaa moja baada ya Alasiri, kijana anayejua kuandika achukue daftari, akae karibu na bibi yake kwa adabu, amsabilie masikio. Aandike jina lake kamili na la mama yake, mahali alipozaliwa, nani alikwenda vitani, mwaka gani, nani alirudi na nani hakurudi. Asimkatize, asimsahihishe, na akilia amwache alie. Anachokumbuka kwa yakini kiandikwe hivyo, na alichokisikia kwa mwingine kiandikwe kwamba amekisikia. Hiyo ndiyo amana ya upokezi ambayo umma huu umeijua tangu karne ya kwanza. Daftari hilo lihifadhiwe pamoja na hati za nyumba na vyeti vya ndoa, kwa kuwa nalo ni mali ya warithi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika waja wake, awape subira wajane na mayatima wa vita popote walipo, na atujaalie kuwa watu wa haki katika ushahidi wetu.